Kerneli za Linux nilizoishi nazo

Kila seva ninayokabidhiwa, amri ya kwanza ninayoiandika ni `uname -r`, inayoonyesha toleo la kerneli yake. Jibu lake ni mstari mmoja mfupi, kwa mfano `5.10.0-28-amd64`, lakini mimi hulisoma kama muuguzi anavyosoma kadi ya kliniki ya mtoto: amezaliwa lini, amechanjwa nini, na nani anamfuatilia.

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Dar es Salaam huniona nikifanya hivyo, kisha huja swali lile lile. "Kaka, kwa nini tusiweke kerneli ya mwisho kutoka tu?" Nimelijibu vipande vipande mara nyingi, mara tukiwa juu ya ngazi tunafunga antena, mara kwenye daladala. Leo nalijibu lote. Nina upendeleo katika jambo hili, na upendeleo wangu una sababu zake.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayozigawia programu zamu kwenye prosesa, inayopanga kumbukumbu, inayoongea na diski na kadi ya mtandao. Programu nyingine zote huomba kwake. Kerneli ya Linux alianza kuiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na toleo 1.0 likatoka Machi 1994. Siku hizi toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi: wiki mbili za kupokea mambo mapya, kisha wiki saba au nane za kuyatibu kwa matoleo ya majaribio, rc1, rc2, rc3, mpaka Linus aridhike. Likishatoka, linaingia mikononi mwa watunzaji wengine, hasa Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin, wanaoliletea viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo. Matoleo mengi hutunzwa miezi michache tu. Linalofuata likitoka, lililotangulia linaachwa. Ila kila mwaka moja huteuliwa litunzwe kwa miaka. Kwa jina la kazini hayo ni LTS (long-term support). Mimi huyaita matoleo ya kukaa, na yale mengine matoleo ya kupita.

Namba zenyewe zisikutishe. Zamani zilikuwa na maana: 2.2 na 2.4 zilikuwa za watu wote, 2.3 na 2.5 zilikuwa za mafundi wanaojaribu. Utaratibu huo ukafa ndani ya 2.6. Toleo 3.0 la Julai 2011 halikuwa na kitu kikubwa cha kulitenga na 2.6.39, Linus aliona namba zimerefuka na Linux inatimiza miaka 20. Mtu akikuambia amehama kutoka 5.19 kwenda 6.0, hajahama nyumba, amehama chumba.

Kazi hii niliianza 2008, kwenye ofisi yenye seva tatu zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, UPS yenye betri iliyochoka, na umeme wa kukatika bila taarifa. Hapo ndipo nilipojifunza kuipima kerneli kwa kile inachokuachia umeme unaporudi.

Desemba 2008 likatoka 2.6.28, na humo mfumo wa faili wa ext4 ukaacha kuitwa wa majaribio. Niliutaka kwa sababu moja tu. Diski ya ext3, ikishawashwa idadi fulani ya mara, hudai kukaguliwa nzima kabla mashine haijaendelea. Mahali ambapo seva huzimwa mara mbili kwa mwaka huo si usumbufu. Sisi tulikuwa tunawasha karibu kila siku, na kila baada ya wiki chache watu walifika kazini wakakuta seva bado inahesabu asilimia. Ukaguzi wa ext4 ulikuwa wa haraka mno ukilinganisha. Nikahama bila kusita.

Asubuhi moja ya Jumatatu, baada ya umeme kwenda usiku, seva yetu ya majina ya mtandao, DNS, ikakataa kuamka. Faili lake lilikuwepo, jina sahihi, ruhusa sahihi, ukubwa baiti sifuri. Skripti yangu ilikuwa imeliandika upya usiku ule ule.

Hapa inafaa nieleze kilichotokea, maana ndicho kilichonifundisha kusoma maelezo ya kila toleo. Katika hali yake ya kawaida, ext3 ilihakikisha data imefika diskini kabla jarida (daftari la mabadiliko la mfumo wa faili) halijaandika mabadiliko ya jina, na ilifanya hivyo kila sekunde tano. ext4 huchelewesha kuchagua mahali pa kuiweka data, wakati mwingine nusu dakika na zaidi, ili ipange vipande vingi pamoja. Kwa kasi, hiyo ni akili nzuri sana. Lakini programu nyingi, na skripti yangu ikiwamo, zilikuwa zimezoea wema wa ext3: zinaandika faili jipya pembeni, zinalipa jina la lile la zamani, zinaendelea na safari bila kuita `fsync`, wito wa kuhakikisha data imeshuka diskini. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo, jina limeshahama na data haijafika.

Wakati ule watu walikuwa wanabishana jambo hili kwa ukali. Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, alieleza kwamba kanuni za POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo ya jamii ya Unix, hazijawahi kuahidi kile ambacho waandishi wa programu walikuwa wanakitegemea. Alikuwa sahihi. Lakini hakuishia kwenye kuwa sahihi: aliandika viraka vinavyoitambua tabia hiyo ya kubadilisha jina na kuilazimisha data ishuke diskini, na vikaingia 2.6.30. Nimemheshimu tangu siku hiyo. Mtunzaji anayeweza kushinda hoja kisha bado akamlinda aliyeshindwa ndiye mtunzaji ninayemtafuta hadi leo.

Hiyo 2.6.30 sikuiweka, lakini. Humo humo hali ya kawaida ya ext3 iligeuzwa kutoka `ordered` kwenda `writeback`, yaani ule ulinzi wa data kabla ya jina ukaondolewa usipouomba mwenyewe. Ilirudishwa kwenye 2.6.36. Distro nyingi, yaani mifumo kama Debian na Ubuntu inayofungasha kerneli pamoja na programu, zilijichagulia zenyewe, ila sisi tuliokuwa tunajenga kerneli kutoka msimbo ilitubidi tuwe macho wakati wa kujibu maswali ya usanidi.

Ndipo ikaja 2.6.32, Desemba 2009, na hii niliipenda kuliko yoyote kabla yake.

Kilichonivutia hakikuwa jambo jipya ndani yake. Nilivutiwa na makubaliano. Ubuntu 10.04 ya Aprili 2010 iliichagua, Red Hat Enterprise Linux 6 ya Novemba mwaka huo ikaichagua, Debian 6 ya Februari 2011 nayo ikaichagua. Watu wasiopatana katika mambo mengi walikuwa wanatazama msimbo mmoja. Hitilafu aliyoikuta mteja wa Red Hat huko Marekani ilikuwa na nafasi kubwa ya kuwa hitilafu yangu, na kiraka chake kilikuwa na njia ya kunifikia. Kwa fundi aliye peke yake kwenye ofisi ndogo, hao ni wenzake wa zamu. Toleo hilo lilitunzwa hadi Machi 2016, mwishoni likiwa mikononi mwa Willy Tarreau, Mfaransa aliyeandika HAProxy na aliyeitunza pia 2.4 mpaka siku yake ya mwisho. Miaka sita na zaidi.

Lilikuwa na magonjwa yake. Usiku wa kuamkia 1 Julai 2012 dunia iliongezewa sekunde moja ili saa za atomiki ziende sambamba na mzunguko wa dunia. Kwa saa zetu ilikuwa saa nane na dakika 59 usiku, na baada ya sekunde ya 59 ikaja ya 60. Kerneli ilirudisha saa nyuma sekunde moja bila kuiarifu sehemu yake inayoshughulika na vipima muda vya usahihi wa hali ya juu. Sehemu hiyo ikabaki mbele kwa sekunde moja, na kila programu iliyoomba kulala kwa muda mfupi kuliko sekunde iliamshwa papo hapo, ikaomba tena, ikaamshwa tena. Java na MySQL zikashika prosesa zote. Niliamshwa na simu ya mlinzi akisema feni za chumba cha seva zinalia kama jenereta. Dawa ilikuwa kuipanga saa upya:

`date -s "$(date)"`

Mashine zikatulia moja baada ya nyingine. Sijasahau utulivu ule.

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa wa siku 208 na nusu. Hesabu ya kugeuza mapigo ya prosesa kuwa nanosekunde ilifurika ikifika 2 kwa kipeo cha 54, na nanosekunde hizo ukizigawa zinatoa siku 208.5. Baadhi ya mashine zilianguka zikifika hapo. Enzi hizo mafundi tulikuwa tunasifiana kwa idadi ya siku ambazo seva haijazimwa. Tulizipiga picha na kutumiana. Nimeacha kabisa. Nikikuta seva ina siku 900 ninachokiona ni siku 900 za viraka vilivyopakuliwa na havikuanza kazi. Oktoba 2016 ulipofichuliwa udhaifu wa Dirty COW, uliomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, ilibainika ulikuwamo tangu 2.6.22 ya mwaka 2007. Miaka tisa. Aliyeijenga seva yake vizuri 2008 na kuiacha bila kuigusa alikuwa na mlango wazi muda wote huo.

Sasa nije kwenye ninachokijali kuliko vyote, nacho ni foleni.

Kabla mkongo wa SEACOM haujaanza kazi pwani yetu Julai 2009, intaneti ya ofisi nyingi ilipita kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka, karibu nusu sekunde imeshapita kabla hujahesabu kazi ya seva yenyewe. Mkongo ukaja, umbali ukapungua, watu wakashangilia, nami pia. Ila simu za intaneti ziliendelea kukatika kila mtu mmoja alipoanza kupakia faili kubwa, na hilo halikuwa na uhusiano na umbali.

Ruta na modemu zilikuwa zimewekewa nafasi kubwa mno ya pakiti, vile vipande vidogo vya data, kusubiria. Walioziunda waliona pakiti kupotea ni aibu, wakaongeza sehemu ya kusubiri. TCP ndiyo kanuni inayosimamia utumaji wa pakiti. Namna yake ya kawaida, CUBIC ambayo Linux imeitumia tangu 2.6.19, hupandisha kasi mpaka pakiti ipotee. Kupotea ndiyo ishara yake kwamba barabara imejaa. Ukificha upotevu kwa nafasi kubwa ya kusubiria, ishara haifiki, nayo inaendelea kujaza. Mtu mmoja anayepakia video anaweka pakiti mamia mbele, na pakiti ndogo ya mwenzake anayeongea na mama yake Tabora inasimama mkiani. Hakuna kinachopotea, kila kitu kinachelewa. Ukipiga `ping`, kipimo cha muda wa kwenda na kurudi, unaona milisekunde 40 zimekuwa 1,200, na mteja anakuambia intaneti "nzito". Anasema kweli. Nzito ndilo neno lake.

Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili kuanzia 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, na wazo lake ni zuri kwa namna lilivyo jepesi: usihangaike na urefu wa foleni, pima muda ambao kila pakiti imesubiri. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 na hali ikaendelea hivyo kwa milisekunde 100, anza kuangusha pakiti, ishara imfikie mtumaji. Eric Dumazet akaliunganisha na mgawanyo wa foleni nyingi ndogo, kila mazungumzo (mtiririko mmoja wa pakiti) na yake, ili pakiti chache za simu zisikae nyuma ya maelfu ya video. Hiyo ndiyo fq_codel. Iliingia toleo 3.5, Julai 2012.

Toleo 3.5 lilikuwa la kupita. Toleo la kukaa la mwaka ule, 3.4, lilikuwa limetoka Mei, na liliikosa kwa toleo moja tu. Niliumia. Kwenye ruta mbili niliweka 3.5 hata hivyo, nikazifuata 3.6, 3.7 na kuendelea kwa kujenga kila moja usiku, mpaka 3.10 ya Juni 2013 ilipoteuliwa kuwa ya kukaa. Ni mara moja tu katika maisha yangu ya kazi nimevunja desturi yangu kwa mwaka mzima, na ningeivunja tena. Ofisi iliyokuwa ikigombana kila saa nne asubuhi ikaacha kugombana.

Kisha 4.9, Desemba 2016, ya kukaa, ikaja na BBR kutoka Google, namna nyingine ya TCP kupanga mwendo wake. Hii inaachana na wazo la kwamba pakiti ikipotea barabara imejaa. Badala yake inapima mambo mawili, kasi ambayo pakiti zinafika kweli na muda mfupi zaidi wa kwenda na kurudi, kisha inatuma kwa kipimo hicho. Kwenye viungo vyetu vya mawimbi, ambako mvua ya Aprili yenyewe hupoteza pakiti bila barabara kujaa, CUBIC huogopa bila sababu na kupunguza mwendo. BBR haiogopi. Wengi hukosea jambo moja: BBR hufanya kazi upande wa anayetuma. Kuiwasha kwenye kompyuta ya mtu anayepakua hakumsaidii kitu. Iwashe kwenye seva inayompelekea mafaili. Na kwenye 4.9 ni lazima uiwekee kipanga foleni cha `fq` kwenye kadi ya mtandao ili ipange mwendo wa pakiti, kuanzia 4.13 TCP inaweza kujipangia yenyewe. Sifa zangu zina mpaka: toleo la kwanza la BBR linaweza kuibana CUBIC wakikutana kwenye njia nyembamba, kwa hiyo siiweki mahali ambapo seva yangu inashindana na majirani zangu mwenyewe.

Na 4.19, Oktoba 2018, ikaleta kipanga foleni cha CAKE. Humo mna kila kitu nilichokuwa nakiandika kwa skripti ndefu: kikomo cha kasi, usawa kati ya mtu na mtu na si kati ya mazungumzo tu, na utambuzi wa anwani za ndani nyuma ya NAT, ambako mashine nyingi hugawana anwani moja ya nje. Kwa ofisi iliyolipia megabiti 20 kwa sekunde za kupakia, mstari wangu ni huu:

`tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 18mbit nat dual-srchost`

Naweka 18 badala ya 20 kwa makusudi, ili foleni ijengeke kwangu ambako naitawala, isijengeke kwenye kifaa cha mtoa huduma ambacho siwezi kukigusa. `dual-srchost` ndiyo inayomzuia mwenye mazungumzo 50 asimle mwenye mazungumzo mawili. Upande wa kupakua unahitaji kiungo cha bandia cha `ifb` na `dual-dsthost`, na hilo linastahili makala yake.

Kwa hiyo ukiniuliza toleo ninalolipenda kwa moyo, ni 4.19. Na toleo hilo hilo ndilo linalonipa sababu ya kumkatalia kijana anayetaka ya mwisho. Wiki chache baada ya kutoka, watu walianza kuripoti mafaili yaliyoharibika kwenye ext4. Ts'o na wenzake walitafuta kwa siku nyingi, ext4 ikishukiwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele, mpaka kosa likapatikana chini yake, kwenye tabaka linalopanga maombi ya diski. Jens Axboe akaliziba, na dawa ikawa kwenye 4.19.8 mwezi Desemba. Aliyengoja majira mawili hakuligusa kabisa.

Desturi yangu ni hiyo: toleo la kukaa, na lipite miezi sita kabla halijaingia kwenye seva yenye data ya watu. Mashine ninazoweza kuzipoteza huanza. Kerneli ya zamani hubaki kwenye orodha ya GRUB, programu inayokuchagulia kerneli ya kuwasha, haifutwi mpaka mpya imalize mwezi.

Lakini kungoja hakukulindi na kila kitu, na hili nalisema kwa wale wanaodhani toleo likizeeka limetakata. Desemba 2023, toleo 6.1 likiwa na mwaka mzima, ilibainika kwamba kiraka kimoja cha ext4 kilitolewa kwenye toleo jipya zaidi kikaingizwa 6.1.64 bila kiraka kingine ambacho hiki kilikitegemea. Programu zinazoandika moja kwa moja diskini kwa namna fulani zingeweza kuharibu data. Debian walikuwa wanatoa 12.3 tarehe 9 wakiwa na kerneli hiyo. Wakaisimamisha, wakatangaza watu wasisasishe, na kesho yake, tarehe 10, wakatoa 12.4 ikiwa na 6.1.66. Mimi nilikuwa nimeshaweka mashine moja ya majaribio, nikairudisha nyuma kwa kuchagua mstari wa pili kwenye GRUB. Tangazo lile la Debian liliniongezea imani nao. Nililisoma saa tano usiku nikiwa nyumbani, na mafundi wa kila bara walikuwa wanalisoma wakati huo huo.

Pamoja na hayo naiombea 6.1 maisha marefu, kwa sababu ya maabara za shule. Nasaidia chache mkoani Pwani na Morogoro, zenye kompyuta zilizokwisha tumika Ulaya zikaletwa huku zikiwa na RAM ya GB 2. Kivinjari kimoja chenye kurasa nne kinaijaza. Kerneli ikikosa nafasi huanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ikianza kazi hiyo, kishale kinaganda na mwanafunzi anabonyeza kitufe cha kuzima. 6.1 ilileta namna mpya ya kuamua kurasa zipi zimezeeka na zitolewe, kwa kuzipanga kwa vizazi. Kazi ya Yu Zhao wa Google, jina lake MGLRU. Ukiichanganya na zram, ambayo hubana kurasa ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzipeleka diskini, mashine ya GB 2 inafundishia. Angalia tu kama imewashwa, maana distro huweza kuiweka bila kuiwasha:

`cat /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled`

Ukikuta `0x0000`, andika `y` humo. Mwalimu mmoja wa kompyuta alinipigia wiki mbili baadaye: "Mtaalamu, umeongeza RAM lini? Mbona sijakuona?" Nikamweleza, naye akataka aielewe ili awafundishe kidato cha tatu. Tulikaa kwenye simu saa nzima.

Baadhi ya kompyuta hizo ni za biti 32, na Debian 13 haina tena kerneli ya biti 32 kwa ajili ya mashine za aina hiyo. Zitabaki na 6.1 mpaka itakapoachwa. Naandaa orodha yake shule kwa shule.

Kuhusu 5.4, 5.10 na 5.15 sina mengi. Zimenitumikia vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba WireGuard, ya kujenga VPN, iliingia kerneli kwenye 5.6, Machi 2020, na nikaacha kuijenga pembeni. Na kwamba Dirty Pipe, udhaifu wa Machi 2022, ulianzia 5.8, kwa hiyo mashine zangu za 5.4 hazikuhusika na za 5.10 zilipata kiraka chake kwenye 5.10.102.

Toleo 6.12 la Novemba 2024 linanigusa kwa namna nyingine. Kwa miaka nilikuwa naijengea studio moja ndogo ya redio kerneli yenye viraka vya PREEMPT_RT, vinavyohakikisha kazi ya haraka inapata prosesa kwa wakati uliopangwa, ili sauti isikatike fundi anapofungua programu nyingine. Viraka hivyo vilikaa nje ya Linux kwa takriban miaka 20, vikiingizwa kipande kwa kipande. Septemba 2024, Vienna, Thomas Gleixner alimkabidhi Linus ombi la kuingiza kipande cha mwisho likiwa limechapwa na kufungwa kwa karatasi ya dhahabu. Nilipoiona picha ile nilimtumia mtangazaji wa zamu ya asubuhi. Sasa natumia 6.12 ya kawaida, bila kubandika viraka vya pembeni. Nachagua tu mpangilio huo wakati wa usanidi.

Ndiyo niliyo nayo leo kwenye seva nyingi, 6.12 kupitia Debian 13, nikiwa niliingoja vizuri. Ruta zangu zina mfumo wa OpenWrt 24.10, yenye 6.6. Maabara zina 6.1.

Kijana aliyeuliza swali mara ya mwisho nimempa kompyuta mpakato ya akiba na kumwambia aweke ya mwisho kabisa, rc ikibidi, aitumie mwezi mzima kwa kazi zake zote, na kila kinachovunjika akiandike: toleo lipi, kadi ipi, `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli yenyewe, inasemaje. Jana ameniletea karatasi ya kwanza. Wi-Fi haiamki mashine ikitoka usingizini, na toleo la kabla ya hilo lilikuwa sawa. Ameshaanza `git bisect`, kulitafuta badiliko lililoleta kosa kwa kugawa nusu kwa nusu, amebakiza hatua saba.